Bunduki ya Babu Isiguswe Tupa: Gumegume, Fataki na Sheria ya Leo

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi wa jua kali, wazee na vijana wa Kibera na Kawangware. Tunayachapisha hapa ili wale ambao hawakuweza kufika nao wayasome.

 

Chukulia kwamba fundi yuko kibandani mwake, anachomelea mlango wa chuma. Anakuja mteja na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia. Anasema: "Fundi, hii ni ya marehemu babu. Tumeipata darini tulipokuwa tunabomoa nyumba. Haifanyi kazi, lakini nimeambiwa ukitoboa hapa na kubadilisha kipande hiki, italia. Kuna mtu wa vitu vya kale atainunua." Gunia linafunguliwa. Ni bunduki ya zamani, mti wake umeliwa na wadudu, chuma kimeshika kutu, na ubavuni kuna mtambo ambao fundi hajawahi kuuona.

Fundi afanye nini? Jibu ni fupi: asiiguse. Lakini fundi yeyote mwenye akili hutaka kujua sababu. Ukimwambia "usiguse" bila kumweleza, atangoja uondoke kisha aguse. Kwa hivyo leo nitaeleza bunduki hizi zilikuwa zikifanya kazi vipi, kwa nini watu walizibadilisha, zilifikaje kwetu, na kwa nini mabadiliko yale yaliyokuwa kazi halali ya fundi wa mwaka 1840 yanaweza leo kumuua fundi wa Kibera, au kumpeleka jela, au kutupotezea sote kipande cha historia yetu.

Majina tuliyonayo

Kiswahili kinazijua bunduki hizi vizuri. Babu zetu wa pwani hawakuziita zote kwa jina moja. Ya kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi unaowaka polepole, na ndio uliotumika kuwasha baruti. Waarabu wa Omani waliipenda bunduki hii na wakaishi nayo muda mrefu. Ya pili ni bunduki ya gumegume, yaani ile inayotumia jiwe gumu la kutoa cheche. Ya tatu ni bunduki ya fataki. Fataki hapa si ile ya sherehe inayorushwa angani. Ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa.

Zote tatu hushindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unatia risasi, kisha unashindilia kwa ule ufito unaoitwa mdeki. Ndiyo maana tumezoea kuziita zote magobori. Tofauti yake iko katika namna ya kuwasha moto tu. Mtutu ni ule ule, baruti ni ile ile, risasi ni ile ile. Shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililofanya mabadiliko yawezekane.

Jiwe na kikofia

Katika gumegume, jiwe hubanwa katika mdomo wa nyundo. Ukivuta kifyatulio, nyundo huanguka na jiwe hukwaruza kipande cha chuma kilichosimama mbele yake. Cheche huangukia kisahani chenye baruti laini. Baruti ile ikiwaka, moto hupenya kitundu kilicho ubavuni mwa mtutu na kuiwasha baruti kubwa iliyo ndani.

Hesabu mambo yanayoweza kwenda kombo hapo. Jiwe limechakaa. Upepo umepeperusha baruti ya kisahani. Mvua imeilowesha. Kitundu kimeziba kwa masizi. Na hata kila kitu kikienda sawa, kuna muda mfupi kati ya mwako wa nje na mlio wenyewe, muda unaomtosha ndege kuruka.

Ndege hao ndio walioleta mabadiliko. Kasisi mmoja wa Uskoti aitwaye Alexander John Forsyth alikuwa mwindaji wa bata. Aliona kwamba ndege hushtuka wakiona mwako wa kisahani kabla risasi haijatoka. Akaanza kujaribu dawa zinazolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake huko Uingereza. Miaka michache baadaye wavumbuzi wengine waliitia dawa hiyo katika kikofia cha shaba, na kufikia miaka ya 1820 vikofia hivyo vilikuwa vimeanza kuenea. Kikofia huvikwa juu ya kijibomba kidogo ambacho Kiswahili cha zamani kinakiita kifa. Nyundo ikigonga kikofia, moto hupita ndani ya kifa moja kwa moja hadi kwenye baruti. Hakuna jiwe, hakuna kisahani, hakuna baruti ya nje ya kupeperushwa.

Je, tofauti ilikuwa kubwa? Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilifanya majaribio huko Woolwich, London. Walifyatua risasi 6,000 kwa bunduki za gumegume na nyingine 6,000 kwa za fataki. Gumegume zilikataa kuwaka mara 922. Fataki zilikataa mara 36 tu. Yaani askari wa gumegume alikuwa akivuta kifyatulio bure takriban mara moja katika kila sita au saba, na yule wa fataki mara moja tu katika kila mia moja na sitini na kitu.

Mabadiliko yalifanywaje

Majeshi ya Ulaya yalikuwa na ghala zilizojaa gumegume. Kuzitupa zote kungekuwa hasara kubwa. Kwa kuwa mtutu ulikuwa ule ule, serikali ziliwapa mafundi kazi ya kuzigeuza. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji zote zilifanya hivyo katika miaka ya 1830 na 1840. Jiji la Liège nchini Ubelgiji na jiji la Birmingham nchini Uingereza yakawa mashuhuri kwa kazi hii, na pia kwa kutengeneza bunduki za bei nafuu za kuuzwa Afrika.

Sitawafundisha namna ya kugeuza. Nitawaeleza alama ambazo mageuzi hayo yaliziacha, ili ukiona bunduki ya kale ujue unatazama nini. Alama ya kwanza iko kwenye bamba la chuma lililo ubavuni. Katika bunduki iliyogeuzwa, utaona matundu ya skrubu yaliyozibwa, kwa sababu kisahani na kile chuma cha kukwaruzwa viliondolewa. Mahali kisahani kilipokuwa huonekana pameliwa na tupa. Alama ya pili ni nyundo. Mara nyingi nyundo mpya haifanani na bamba lake, kama mlango wa Toyota uliowekwa kwenye gari la Nissan. Alama ya tatu ni kile kitundu cha ubavuni: ama kimezibwa, ama kimewekewa kipande cha chuma chenye kifa juu yake.

Alama hizo ni maandishi. Mtu wa makumbusho akiziona anaweza kueleza bunduki ilitengenezwa katika nchi gani, iligeuzwa karibu mwaka gani, na pengine ilipitia mikono ya nani. Ukipitisha grenda leo juu ya bamba lile, umefuta ukurasa ambao hakuna nakala yake.

Zilifikaje kwetu

Biashara ya bunduki katika pwani yetu ilikuwa kubwa na ilijulikana na serikali. Tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mkataba ule uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza na kununua, lakini uliweka sharti moja: katika kisiwa cha Zanzibar, bunduki na baruti wauziwe serikali ya Sultani tu. Ona, hata wakati ule mtawala alijua kwamba bunduki si bidhaa kama kitambaa cha merikani.

Bunduki zilizogeuka kuu kuu Ulaya zilikuja huku. Kila jeshi la Ulaya lilipopata silaha mpya, zile za zamani zilitafutiwa soko, na soko lilikuwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii. Bunduki hizo zilikwenda na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Vijiji vilichomwa kwazo. Hatuna haja ya kulipamba jambo hilo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawajalisikia. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels uliohusu biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Mkataba ulichora mstari juu ya ramani ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Ndani ya mstari huo, ambamo Kenya nzima imo, Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kuuziwa bunduki za kisasa. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu usio na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Tafakarini hapo. Ulaya ilikuwa imeachana na gumegume miaka hamsini kabla. Lakini kwetu sheria ilisema: ninyi bakini hapo hapo kwenye jiwe. Mstari wa sheria ulipita hasa kati ya gumegume na fataki. Fundi aliyeondoa jiwe na kuweka kifa alikuwa anaihamisha bunduki kutoka upande mmoja wa sheria hadi upande wa pili, bila kuugusa mtutu. Kipande kidogo kuliko kidole gumba kilitosha.

Na sababu haikuwa huruma peke yake. Sawa, mkataba ulilenga kuwadhoofisha wafanyabiashara ya watumwa. Lakini pia ulihakikisha kwamba mkoloni anayekuja ana silaha bora kuliko mwenyeji anayemkuta. Katika Vita vya Maji Maji huko Tanganyika, 1905 hadi 1907, wengi wa wapiganaji waliokuwa na bunduki walikuwa na magobori. Upande wa Wajerumani ulikuwa na bombomu. Matokeo yake tunayajua.

Dagoretti na Kibera

Tukirudi nyumbani: watu wa Kawangware, ninyi mnaishi katika eneo la Dagoretti. Mwezi Oktoba 1890, miezi mitatu tu baada ya ule mkataba wa Brussels, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alifika Dagoretti na msafara wake. Alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Alipoondoka kwenda Uganda, uhusiano uliharibika kwa sababu watu wa kampuni walichukua chakula na mali za wenyeji. Ngome ile iliachwa na kuteketezwa. Mwaka 1891 ikajengwa nyingine Kabete, Fort Smith, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.

Askari wa kampuni walibeba bunduki aina ya Snider. Mafundi mtapenda kujua kwamba Snider nayo ni bunduki iliyogeuzwa. Kuanzia mwaka 1866 Waingereza walichukua bunduki zao za fataki zinazoshindiliwa mdomoni, wakakata sehemu ya nyuma ya mtutu, wakaweka mlango mdogo wa kutilia risasi kwa nyuma. Hivyo bunduki iliyokuja kuitawala Dagoretti ilikuwa hatua nyingine ya mageuzi yale yale.

Lugard alipofika Buganda, aliandika katika kitabu chake kuhusu fundi mmoja aitwaye Kisule. Alitumia neno letu lile lile, fundi. Kisule alikuwa amejifunza kazi kwa mmisionari Alexander Mackay. Kwa maelezo ya Lugard, Kisule aliweza kutengeneza springi mpya na kurekebisha bunduki yoyote iliyoharibika kwa ustadi mkubwa. Huyo ni jua kali wa miaka ya 1890. Namtaja ili mafundi msidhani nakuja kuwadharau. Najua mkono wenu unaweza. Sisemi hamwezi. Nasema msifanye.

Na Kibera je? Mwaka 1891 Lugard alikwenda hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya Emin Pasha kuondoka. Wengi wao walikuwa na bunduki za Remington za jeshi la Misri. Askari hao na wana wao waliingia baadaye katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, jeshi ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya. Familia zao zilipewa makazi katika msitu huu, nao kwa Kinubi wakauita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Na wazee husimulia kwamba hata jina la Laini Saba lilianzia kwenye uwanja wa askari wa kulengea shabaha.

Kwa hivyo si ajabu kwamba nyumba ya zamani huku Makina, au boma la zamani kule Dagoretti, inaweza kuwa na chuma cha aina hii darini. Mwenye nyumba si mhalifu kwa sababu babu yake aliishi. Lakini akishajua kilichomo, ana wajibu.

Hatari kwa fundi

Nianze na mwili, kwa sababu sheria humkuta mtu akiwa hai.

Gobori halionyeshi kwa nje kama lina risasi ndani. Bunduki ya kisasa unaweza kuifungua ukaona. Hii huwezi. Mzee aliishindilia baruti kwa ajili ya nguruwe aliyekuwa akiharibu shamba, nguruwe hakuja, bunduki ikatundikwa ukutani, mzee akafariki. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi kama unga. Inaweza kubaki hai miaka mingi sana. Sasa fundi anabana mtutu kwenye jiriwa, anawasha mashine ya kuchomelea au anapitisha grenda. Joto na cheche ndivyo hasa baruti inavyongoja. Mtutu ule unageuka kuwa bomu, na walio karibu si fundi peke yake. Kibanda cha Kibera kina jirani kila upande, na pengine mtoto anayecheza mlangoni.

Fataki za kale zenyewe ni hatari nyingine. Dawa yake ya zamani ilitengenezwa kwa zebaki, nayo huhisi mgongo, msuguano na joto. Ukikuta kikopo chenye vikofia vidogo vya shaba, usivikwaruze, usivipige, usimpe mtoto avichezee.

Na hata mtutu ukiwa mtupu, chuma chake si cha kuaminiwa. Bunduki nyingi za biashara zilitengenezwa kwa bei ya chini kabisa, kwa chuma kilichokunjwa na kuunganishwa kwa moto. Kutu ya miaka mia moja imeula kwa ndani, mahali jicho halifiki. Mtu atakayejaribu kuifyatua baada ya "kutengenezwa" anaweza kupoteza mkono au jicho kabla ya kumdhuru aliyemlenga.

Sheria inasema nini

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, hairuhusu mtu kuwa na silaha au risasi bila cheti. Watu wengi hudhani silaha ni AK-47 na bastola tu. Sheria inaieleza silaha kwa upana zaidi: ni chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua, ambacho kinaweza kurusha risasi au kitu kingine, au ambacho kinaweza kugeuzwa ili kirushe. Sikilizeni tena maneno hayo, "kinaweza kugeuzwa". Kwa hivyo kusema "lakini haifanyi kazi" si kinga ya kutegemea. Na yule anayeifanya ifanye kazi ndiye anayejiweka pabaya zaidi. Kutengeneza au kurekebisha silaha kama biashara ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Leseni ya biashara ya kaunti uliyoibandika ukutani haikupi ruhusa hiyo, na hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kukupa.

Usijiamulie mwenyewe kwamba hii ni ya kale mno, haihesabiki. Suala hilo huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha na polisi.

Msidhani pia kwamba hili ni la Nairobi peke yake. Jina la jiji letu limo katika makubaliano ya ukanda huu wote. Tarehe 15 Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikutana hapa zikatoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, na tarehe 21 Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi. Nchi jirani zinaliangalia jiji hili. Na sisi wenyewe tunajua silaha moja katika mtaa wenye msongamano inaweza kufanya nini usiku mmoja.

Lakini kuna sheria ya pili, na hii wengi hawaijui. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakitambua kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Gumegume iliyopita Mombasa na msafara wa miaka ya 1880 inaangukia humo. Iliyogeuzwa kuwa ya fataki wakati ule inaangukia humo pia. Vitu vya namna hiyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo yule "mtu wa vitu vya kale" anayetaka kuinunua kimya kimya na kuipeleka ng'ambo anakuingiza katika makosa mawili kwa mpigo.

Sheria hizi mbili hazigongani. Moja inasema usiwe na silaha kiholela. Ya pili inasema usiharibu wala kuuza kiholela urithi wa nchi. Zote mbili zinafika mahali pamoja: iache ilivyo, toa taarifa.

Ufanye nini ukiipata

Usiichukue barabarani. Usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo matatu ya 46 kuelekea mjini, hata kama nia yako ni kuipeleka polisi. Mtu anayeonekana na mtutu njiani anaweza kueleweka vibaya, na maelezo huchelewa kuliko risasi. Iache ilipo, mtutu usielekee mahali watu wanapolala, na uwazuie watoto wasifike hapo.

Mpigie chifu, mzee wa mtaa au kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 au 112. Waeleze umepata bunduki ya zamani, iko wapi, na hujui kama ina baruti. Waje wao. Kama una hofu ya kwenda peke yako, nenda na mzee wa Nyumba Kumi, imamu au mchungaji wako. Kuwa na shahidi ni jambo jema kwa pande zote.

Ikichukuliwa, omba iandikwe katika kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Hapo hapo useme, na uombe iandikwe, kwamba huenda ni kitu cha kale kilichoingia kabla ya 1895, na kwamba familia inaomba Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaitazame kabla ya uamuzi wowote wa kuiharibu. Kisha andika barua fupi kwa Makumbusho yenyewe, ukitaja namba ile ya OB. Silaha zinazosalimishwa mara nyingi huteketezwa, na ni vizuri zikiteketezwa zile za uhalifu. Lakini gumegume ya mwaka 1850 ikitupwa kwenye tanuri pamoja na bastola za majambazi, hatutaiona tena.

Na wewe fundi, ukiletewa, usiipokee hata kwa kuiweka tu. Ukiipokea, iko mikononi mwako. Mwambie mteja: "Hii siigusi, na nakushauri utoe taarifa leo." Kama anakulazimisha au anakutisha, piga ripoti. Kijana wa mkono, yule anayejifunza kazi kwako, mfundishe jambo hili siku ile ile unayomfundisha kuvaa miwani ya kuchomelea.

Kilicho chetu ni hadithi

Jambo la mwisho nawaambia wazee. Kuisalimisha bunduki si kumsalimisha babu. Kabla watu hawajasahau, kaa na wajukuu uwasimulie: iliingiaje nyumbani, nani aliibeba, katika jeshi gani au msafara gani, aliipata kwa zawadi, kwa kuinunua au kwa vita. Waambie waandike kwenye daftari, na majina na miaka unayoikumbuka. Makumbusho yakipokea chuma bila hadithi, yanapokea chuma tu.

Historia iliyoandikwa ina nguvu. Watu wa Kibera wanalijua hili kuliko wengi. Wanubi walipodai haki za watoto wao, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua mwezi Machi 2011 kwamba haki hizo zilikuwa zimekiukwa. Mwaka 2017 jamii ilipewa hati ya ekari 288. Watu waliosema "tuko hapa tangu enzi za babu zetu askari" walihitaji kuonyesha kwamba ni kweli. Kitu cha kale kilichotunzwa pamoja na maelezo yake ni sehemu ya ushahidi huo. Kitu kile kile kikitobolewa na kupakwa rangi ili kiuzwe hakithibitishi lolote.

Kwa hivyo mafundi, tupa na grenda zibaki kwenye milango, majiko na mikokoteni. Wenye nyumba za zamani, angalieni dari zenu kwa macho, si kwa mikono. Mkiwa na maswali, chifu yupo, kituo cha polisi kipo, na Makumbusho yapo.